AFANYAYE KAZI NYUMBANI NAYE NI MFANYAKAZI

Miongoni mwa kazi zilizoingia katika nchi zetu miaka hii ya karibuni, iko moja isiyo na king'ora cha asubuhi, isiyo na lango, wala msimamizi asimamaye mlangoni na daftari la mahudhurio. Mwenye kazi hiyo hagombei daladala. Huamka, hunawa uso, hufungua kompyuta juu ya meza ileile aliyolia chakula jana usiku, naye yumo kazini. Mwajiri wake yuko London, au New York, au Dubai. Hawajapata kupeana mkono, na pengine hawatapeana mpaka siku kazi itakapokwisha.

Twazungumza habari za watu hawa leo kwa sababu vijana wetu waliosoma wanazidi kuingia katika kazi hii, na kwa sababu tumeona ya kuwa wengi wao, hata wenyewe, hawajui waitwe nani. Jirani humwita kijana huyo mtu asiye na kazi. Mwajiri humwita mkandarasi wa kujitegemea. Yeye mwenyewe, akiulizwa na wazee wa mchumba wake anafanya kazi wapi, huanza maelezo marefu ambayo mwisho wake wazee hutazamana.

Sisi twasema ni mfanyakazi, na yote tutakayoyaeleza hapa chini yatokana na neno hilo moja.

KAZI YENYEWE

Yafaa kwanza tueleze kazi hii ni ya namna gani. Katika miji mikubwa ya dunia ziko kampuni ziitwazo mawakala wa kidijitali. Shughuli yao ni kuwatengenezea wafanyabiashara wengine tovuti, kuwaandikia matangazo, kuwachorea picha, kuwasimamia kurasa zao za Facebook na Instagram, kuwanunulia nafasi za matangazo katika Google, na mwisho wa mwezi kuwahesabia ni watu wangapi waliotazama na ni wangapi walionunua. Mwenye hoteli au daktari wa meno huko Uingereza humlipa wakala. Wakala huikata kazi vipande vipande, na kila kipande hukipeleka kwa mtu wake, mmoja Manila, mmoja Lagos, mmoja Nairobi, mmoja Arusha. Aliye Arusha huandika maneno, aliye Manila hupanga picha, na daktari wa meno hupokea kazi iliyokamilika kwa jina la wakala. Aghalabu hajui kamwe kuwa Arusha ilikuwamo.

Fikira ya kumpelekea mtu kazi badala ya kumpeleka mtu kazini si ngeni. Mmarekani Jack Nilles aliitungia jina mwaka 1973. Lakini kwetu sisi haikuwezekana mpaka bahari yenyewe ilipopitishwa waya. Julai 2009 waya wa SEACOM ulifika pwani yetu, Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Kabla ya hapo mtandao wetu ulitegemea setilaiti, ghali na mzito kama mkokoteni. Mwaka 2016 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Digital kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni. Kisha Machi 2020 ukaja ugonjwa wa Korona, na waajiri wa Ulaya na Marekani, waliokuwa wakiapa kwamba kazi haiwezi kufanyika ila ofisini, wakaona kwa macho yao kuwa inafanyika. Aliyekwisha kukubali kwamba karani wake akae nyumbani maili 20 kutoka ofisini hakuchelewa kuuliza: kwa nini asikae maili 4,000?

FAIDA ZAKE

Haitakuwa haki kusema mabaya peke yake. Kazi hii imewaletea wengi mkate. Binti aliyesoma uchoraji wa kompyuta Mwanza halazimiki tena kuhamia Dar es Salaam na kumlipa mwenye nyumba kodi ya miezi sita ndipo apate mwajiri. Mama mwenye mtoto mchanga anaweza kufanya kazi na kunyonyesha. Mtu mwenye ulemavu wa miguu, ambaye ngazi za maofisi yetu mengi zilimfukuza kabla ya mwajiri kumfukuza, huipanda ghorofa hii pasipo ngazi. Fedha za kigeni huingia nchini bila kijana kuvuka mpaka wala kuzama baharini akitafuta Ulaya. Na ufundi wanaojifunza ni wa kweli: kutunza miadi, kuandika kwa ufupi, kuheshimu muda wa mwenzako, kutumia vyombo vinavyotumiwa na mafundi bora wa dunia.

Kwa hiyo hatuipigi vita kazi hii. Tunalolipinga ni mfanyakazi kuachwa peke yake ndani yake.

SIKU MOJA YA KAZI

Tuitazame siku yake. Wakala aliye New York huanza kazi saa 3 asubuhi ya kwao. Kwetu sisi hiyo ni saa 10 au saa 11 jioni, kwa kadiri Wamarekani walivyozisogeza saa zao kwa majira. Wakala akifunga ofisi, kwetu imetimu saa 6 au saa 7 usiku. Basi kijana wa Tabata au wa Kisumu hukaa kwenye kikao wakati nyumba nzima inakula, huandika wakati nyumba nzima inalala, na asubuhi, anapotaka kulala yeye, huamshwa apeleke mtungi wa gesi kwa fundi, kwa sababu "yeye yupo tu nyumbani."

Neno hili "yupo tu" ni mzigo mkubwa kuliko mtu wa ofisi anavyodhani. Mgonjwa wa ukoo akihitaji kupelekwa hospitali, yeye ndiye atakayempeleka. Mtoto wa shangazi akiwa likizo, yeye ndiye mlezi. Msiba ukitokea, hakuna aelewaye kwa nini hawezi kukaa matanga siku tatu ilhali hana ofisi ya kumzuia. Na huko kikaoni, jogoo wa jirani akiwika au muziki wa baa ukivuma, yeye ndiye atakayeomba radhi kwa watu waliokaa katika vyumba vya kimya.

Kisha uko umeme, na uko mtandao. Kiwandani mashine ikisimama hasara ni ya mwenye kiwanda. Katika kazi hii mfanyakazi ndiye anunuaye mashine, yeye hununua bando, yeye huingiza namba za LUKU, na vikikosekana vyote, yeye ndiye akosaye ujira. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mtandao ukadhoofika Tanzania, Kenya na nchi nyingine kwa siku kadhaa. Kijana aliyekuwa na kazi ya kukabidhi siku ile hakuukata waya ule, wala hakuwa na uwezo wa kuuunga. Lakini katika mikataba mingi ya namna hii saa ambayo hukuonekana ni saa ambayo hukufanya kazi, nayo hailipwi.

Na kuonekana kwenyewe kuna mambo yake. Yako mawakala ambayo hutazama tu taa ndogo ya kijani kando ya jina lako. Ikizimika, huulizwa ulikuwa wapi. Hivyo mtu huenda chooni na simu mkononi, na mwingine hukitikisa kipanya cha kompyuta ili taa isife. Yako mengine yanayotumia programu za kupiga picha skrini ya mfanyakazi. Katika kazi za malipo kwa saa zipitazo Upwork, moja ya masoko makubwa ya kazi za mbali, programu hupiga picha ya skrini mara moja katika kila dakika 10 na kuhesabu vibonyezo vya vidole. Mfanyakazi aruhusiwa kuifuta picha asiyoitaka, lakini akiifuta na dakika zake hufutwa. Mnyapara wa zamani alikuwa na macho mawili, na mara moja moja alisinzia. Huyu wa sasa hasinzii.

MTU WA KATI

Kuhusu ujira, jambo la kuangaliwa zaidi ni umbali ulioko kati ya anayelipa na anayelipwa, na ni nani amesimama katikati yao.

Mfano upo, nao ulitangazwa mbele ya dunia nzima. Januari 2023 gazeti la Marekani liitwalo Time lilieleza kwamba kampuni ya OpenAI ilipatana na kampuni ya Sama, iliyokuwa na wafanyakazi Nairobi, kuchambua maandishi machafu ili mashine ifundishwe kuyaepuka. Kwa mujibu wa habari hiyo, mapatano yalikuwa dola 12.50 kwa saa. Mfanyakazi wa Nairobi aliyekaa akisoma uchafu ule alikwenda nyumbani na kiasi cha kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kampuni ilijitetea kwamba fedha zile zililipia pia majengo, wasimamizi na gharama nyingine. Hatuna haja ya kuwa mahakimu wa hesabu ile. Twasema tu kwamba wafanyakazi wale walikuwa na jengo moja, na hata hivyo wengi hawakujua bei ambayo jasho lao liliuzwa. Je, yule aliye peke yake chumbani Morogoro, atajuaje?

Wala si bei tu. Machi 2024 mtandao wa kazi uitwao Remotasks, mali ya kampuni ya Scale AI ya San Francisco, uliwafungia watu wa Kenya. Watu hawa walifanya kazi majumbani mwao, wakitia alama katika picha na maandishi ili kuifundisha mashine. Walipata habari kwa barua pepe. Hapakuwa na lango la kwenda kusimama, wala ofisi ya kupeleka malalamiko, wala mtu wa kumtazama usoni. Kiwanda kikifungwa, angalau wafanyakazi hukutana nje ya geti wakaulizana, "Sasa tufanye nini?" Hawa kila mmoja aliisoma barua ile akiwa peke yake.

TULIKOTOKA

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo mapya yasiyo na mfano. Hapana. Lugha yetu wenyewe yatukumbusha. Neno "kibarua" lilikuwa jina la karatasi ndogo, barua ndogo, aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa, akairudisha alipolipwa. Karatasi ikawa jina la kazi, na jina la kazi likawa jina la mtu. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika palikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Mtu hakupata mshahara wake mpaka kadi imejaa, na siku aliyougua haikutiwa alama. Programu ihesabuyo dakika kumi kumi ni mjukuu wa kadi ile. Imebadili mavazi tu.

Vibarua wa bandarini hawakuwa na mkataba wa kudumu, wala likizo, wala kiinua mgongo. Asubuhi walisimama wakingoja kuchaguliwa, na asiyechaguliwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Watu wengi walisema kwamba watu wa kutwa hawawezi kuungana, kwa maana leo ni huyu na kesho ni yule. Januari 1947 Mombasa iligoma. Wafanyakazi walikusanyika katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini, wakasikilizana, wakatambuana, na hapo ndipo chama chao kilipopata nguvu chini ya Chege Kibachia. Septemba mwaka huohuo makuli wa bandari ya Dar es Salaam nao waligoma, na mgomo wao ukasafiri na reli hadi bara. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliungana katika shirikisho moja, na katibu wake alikuwa Rashidi Kawawa.

Twawataja wazee hawa kwa sababu moja. Silaha yao ya kwanza ilikuwa uwanja, yaani mahali ambapo mtu humwona mwenziwe akajua kwamba shida yake si bahati mbaya yake binafsi. Kazi ya mbali imeondoa daladala na foleni, na hilo ni jema. Lakini pamoja navyo imeondoa Kiwanja cha Maskini.

SHERIA YASEMAJE

Wengi wa vijana hawa hudhani sheria haiwajui, kwa kuwa karatasi waliyotia sahihi yasema wao si waajiriwa. Hapa nchini sivyo ilivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, yatazama kazi ilivyo badala ya jina lililoandikwa juu yake. Yauliza: je, mtu huyu hupangiwa namna ya kufanya kazi, au saa za kuifanya? Je, hutegemea riziki yake kwa huyo anayemfanyia kazi? Je, hupewa vyombo vya kazi? Je, humfanyia kazi mtu mmoja tu? Je, amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita? Likiwapo lolote kati ya haya na mengine yaliyotajwa humo, huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo yaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya kazi ya usiku, yaani tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Ni wangapi kati ya wanaokesha na wakala wa New York waliopata kuisikia asilimia hiyo?

Kweli, ni vigumu kumshika mtu aliye ng'ambo. Lakini si jambo lisilowezekana. Nairobi, wachuja maudhui ya Facebook, walioajiriwa kupitia kampuni ya kati, walikwenda mahakamani. Na tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema kwamba Meta, kampuni kubwa ya Marekani yenye Facebook, yaweza kushtakiwa Kenya. Kampuni ilikuwa imedai kwamba haikai huko. Kabla ya hukumu hiyo, tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hii walikutana Nairobi na kuazimia kuunda chama chao. Angalia mpango wa mambo: walikutana, kisha wakasikilizwa.

Huko Geneva nako jambo hili halikusahauliwa. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 177 juu ya Kazi za Nyumbani mwaka 1996, likitaka afanyaye kazi nyumbani atendewe sawa na wenzake wengine, pamoja na haki ya kujiunga na chama akipendacho. Na Juni 2025 Mkutano wa Kazi wa Kimataifa ulianza kujadili kanuni za kazi zipitazo katika majukwaa ya mtandao.

YATUPASAYO

Basi tufanye nini? Twasema mambo manne.

Kwanza, kijana mwenyewe asianze kazi kwa maneno ya kikao cha video. Adai mkataba ulioandikwa, utajao ujira, siku ya malipo, saa za kazi, ni mara ngapi kazi yaweza kurudishwa kwa marekebisho, na nani atabeba hasara umeme au waya wa baharini ukikatika. Akiambiwa afanye kazi ya majaribio ya siku tatu bila malipo, ajue kwamba kazi ya siku tatu ni kazi. Naye aandike mwenyewe saa zake kila siku, asiiachie programu ya mwajiri iwe shahidi peke yake.

Pili, ajiwekee akiba ya uzeeni. Mwajiriwa wa kawaida hukatwa na kuchangiwa na mwajiri wake. Huyu hana wa kumchangia. NSSF hupokea wanachama waliojiajiri, na bora aanze angali na nguvu. Kompyuta huchakaa, na macho pia huchakaa.

Tatu, nyumba ziwaheshimu. Wazazi na majirani, mwoneapo kijana amefunga mlango na kuvaa vyombo vya masikio, msiseme "yupo tu". Yumo kazini, sawasawa na yule aliyetoka na sare.

Nne, na hili ndilo kubwa, vyama vyetu vya wafanyakazi visingoje watu hawa wafike getini, kwa kuwa hawana geti. Viwatafute walipo. Kila mji wapo makumi yao, hawajuani, pengine watu wawili wa wakala mmoja hukaa mitaa miwili jirani na hawajapata kuonana ila katika vijisanduku vya skrini. Chama chaweza kukodi ukumbi Jumamosi moja kwa mwezi, kikaleta mwanasheria mmoja na birika la chai. Wakae, waulizane: wewe walipwa kiasi gani kwa saa? Swali hilo moja, likiulizwa kwa sauti mbele ya watu kumi, lina nguvu kuliko barua pepe mia. Na Serikali iliyowafundisha vijana kutafuta kazi hizi iwafundishe na sheria zake pia, tena darasa lilelile, siku ileile.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole vya vijana hawa ni vyepesi, vimezoea kubonyeza usiku kucha kwa ajili ya watu wasiowajua. Vikikutana, vitafanya mengi. Wazee wa Mombasa hawakujengewa Kiwanja cha Maskini na mwajiri. Walikwenda wakasimama pale, na uwanja ukawa wao. Wajukuu zao nao wautafute wao, na sisi wa vyama tuwe wa kwanza kufika huko na kuwapangia viti.